Mtoto mtumwa aliyefumbua fumbo la vanila

Kijiti chembamba na kidole gumba. Hivyo ndivyo vifaa anavyohitaji mkulima wa vanila, awe Kagera au Mukono nchini Uganda, ili ua lizae. Mbinu hiyo iligunduliwa mwaka 1841 na mtoto wa miaka 12, tena mtumwa.

Jina lake Edmond. Alizaliwa mwaka 1829 huko Sainte-Suzanne, kisiwani Réunion, mashariki ya Madagascar, koloni la Ufaransa lililokuwa likiitwa Bourbon. Mama yake alifariki wakati wa kumzaa. Shule hakupelekwa, lakini bwana wake, Ferréol Bellier-Beaumont, alipenda sana mimea na alizunguka naye bustanini. Ndiye aliyemwonyesha namna ya kuchavusha kwa mkono maua ya mmea wa jamii ya maboga.

Vanila asili yake ni Mexico. Ilipoletwa Réunion ilitambaa vizuri na kuchanua, lakini haikuzaa. Sababu imo ndani ya ua lenyewe. Sehemu yenye chavua na sehemu ya kuipokea zimo katika ua lilelile, ila kati yake kuna utando mdogo kama pazia. Mexico wapo wadudu wanaoifanya kazi hiyo, Réunion hawakuwapo. Isitoshe, ua hufunguka asubuhi moja tu, na kufikia jioni limenyauka.

Bellier-Beaumont alikuwa na mmea mmoja uliokaa takriban miaka 20 bila tunda. Siku moja akakuta umezaa maganda mawili. Edmond akasema ni kazi yake. Mzee hakuamini mpaka alipoonyeshwa: kijana alichana ua upande mmoja, akainua utando kwa kijiti, kisha akaibonyeza chavua kwa kidole gumba mpaka ikagusa inapotakiwa. Ni kazi ya sekunde chache. Mtaalamu wa Ubelgiji, Charles Morren, alikwishafaulu kuchavusha vanila mwaka 1836, lakini njia yake haikumfaa mkulima mwenye maelfu ya maua.

Edmond akapelekwa shamba hadi shamba kuwafundisha watumwa wenzake. Mbinu ikavuka bahari hadi Madagascar, ambayo leo ndiyo inayoongoza duniani kwa vanila. Muuza keki anayeshangaa bei ya vanila halisi (si ile ya maabara inayojaa madukani) akumbuke kwamba kila ganda lilikuwa ua lililoshikwa kwa mkono. Hukaa miezi tisa hivi likikomaa, tena likiwa bichi halinukii. Sharti lichovywe katika maji ya moto, lifunikwe litoe jasho, kisha lianikwe kwa wiki nyingi.

Wenye mashamba walitajirika. Edmond hakulipwa kitu. Utumwa ulipofutwa mwaka 1848 alipata uhuru na jina la ukoo, Albius, akaenda mjini kutafuta kazi. Huko alihusishwa na wizi wa vito, akafungwa. Bellier-Beaumont alimwombea kwa gavana, akieleza faida ambayo kisiwa kilipata kwa kijana huyo, na akaachiwa kabla ya kumaliza kifungo. Mtaalamu mmoja wa mimea, Jean Michel Claude Richard, alipodai kuwa yeye ndiye aliyeianzisha mbinu hiyo, mzee huyohuyo aliandika kumpinga.

Albius alirudi Sainte-Suzanne. Alifariki huko Agosti 1880, akiwa fukara, wakati vanila ya Réunion ikiuzwa Ulaya.