Siti binti Saad wa Fumba

Kusini mwa mji wa Unguja, katika rasi iliyoingia baharini, kiko kijiji kiitwacho Fumba. Hapo, yapata mwaka 1880, mzee mmoja jina lake Saad alipata mtoto wa kike. Saad alikuwa Mnyamwezi na mkewe alikuwa Mzigua, yaani wote wawili asili yao ni bara. Mtoto wao walimwita Mtumwa.

Jina hilo halikuwa la ajabu siku zile. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini waliokuwa watumwa tayari walibaki chini ya mabwana zao, na sheria ya kuwapa uhuru haikutolewa mpaka mwaka 1897. Maskini mwenye asili ya bara, asiye na shamba wala jamaa mwenye cheo, alihesabiwa kuwa mtu duni. Mtumwa binti Saad alizaliwa katika hali hiyo, na watu wengi walidhani kwamba atakufa katika hali hiyo hiyo.

Hakupelekwa chuoni, wala hakufundishwa kusoma na kuandika. Elimu yake ya kwanza ilikuwa kazi ya mama yake, nayo ni ufinyanzi. Udongo huchimbwa, hupondwa, hufinyangwa kwa mikono, kisha chungu huanikwa na kuchomwa moto. Kazi hiyo yataka subira, maana chungu kilichofanyizwa kwa haraka hupasuka motoni. Vyungu vilipokuwa tayari, Mtumwa alijitwika kichwani akaenda mjini kwa miguu kuviuza. Njiani na vichochoroni alinadi bidhaa yake kwa kuimba. Sauti yake ilikuwa kubwa na safi, hata wanunuzi walimtambua kabla hawajamwona.

Mwaka 1911 aliacha Fumba akahamia mjini. Huko alikutana na mtu aliyeitwa Ali Muhsin, fundi wa muziki. Ali Muhsin aliisikia sauti ile, akaona kwamba ni mali iliyokosa mwalimu tu. Akaanza kumfundisha kuimba na kupiga ala.

Muziki aliofundishwa ni taarabu. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata mwaka 1888, alipenda sana muziki wa Misri, akampeleka kijana mmoja, Mohamed Ibrahim, kwenda Cairo kujifunza. Aliporudi aliwafundisha wengine. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho wanachama wake walikuwa wanaume waliokutana kupiga taarabu. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, nazo ziliimbwa mbele ya Sultani na matajiri. Watu wa kawaida walizisikia kwa mbali, na wengi hawakujua maana yake. Wala haikuwa desturi mwanamke kusimama mbele ya hadhara na kuimba pamoja na wanaume.

Mfinyanzi wa Fumba aliingia katika muziki huo akiwa mtu mzima. Kwa kuwa hakujua kusoma, ilimpasa kuyashika maneno yote kwa moyo. Alisikiliza, akarudia, akakosea, akarudia tena, mpaka wimbo ukakaa. Hivyo alijifunza nyimbo za Kiarabu na hata za Kihindi. Lakini jambo lililompatia sifa ni kwamba aliiimba taarabu kwa Kiswahili, lugha ya wavuvi, wachukuzi, wapishi na wachuuzi.

Wakati huo aliitwa Siti, maana yake bibi wa heshima. Basi jina la utumwa likaachwa. Wapigaji hodari walifuatana naye, miongoni mwao Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi na Mbaruku. Nyumba yake ilikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na makazi ya maskini. Hapo walikutana kufanya mazoezi, na jirani walikuja kusikiliza.

Nyimbo zao hazikuwa za mapenzi peke yake. Ziliimba habari za mji kama zilivyotokea. Wimbo uitwao Kijiti, ambao ulijulikana sana, wasimulia habari ya mwanamume aliyemwua mwanamke mgeni kisha akakimbia. Mkosaji akaokoka, na adhabu ikawaangukia wanawake wengine. Kwa wimbo huo watu wadogo, ambao hawakuwa na gazeti wala sauti barazani mwa hakimu, walisikia malalamiko yao yakisemwa waziwazi.

Sifa ilipozidi, wivu nao ulizidi. Wapinzani walimtungia wimbo wa kumdharau, wakamkumbusha kwamba alikuja mjini akiwa na nguo za kimaskini, tena hana uzuri wa sura. Siti hakugombana nao. Aliwajibu kwa wimbo, akafundisha kwamba sura na ukoo havimfai mtu akikosa akili na maarifa. Kila aliyeusikia alielewa ni nani aliyeshinda.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli wakaenda Bombay, katika Bara Hindi, ili sauti zao zitiwe katika sahani za santuri. Hakuna mwanamke wa Afrika ya Mashariki aliyemtangulia katika jambo hilo. Sahani zile zikapelekwa Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na mbali zaidi, na kufikia mwaka 1931 sahani za waimbaji wa Unguja zilizouzwa zilikuwa zaidi ya 70,000. Mtu wa pwani aliyekuwa hajapata kusikia lugha yake ikitoka katika santuri, sasa aliisikia kwa kinywa cha binti wa mfinyanzi. Sultani mwenyewe alimwita akaimbe katika jumba lake.

Siti aliyafungua pia masikio na vinywa vya wanawake wengine. Baada yake wanawake wa Unguja waliunda vyama vyao vya taarabu. Msichana mmoja, Fatuma binti Baraka, aliyekuja kujulikana kwa jina la Bi Kidude, alijifunza nyimbo kwa kumsikiliza Siti. Yeye naye aliimba mpaka uzeeni, akawafundisha wasichana ngoma na mafunzo ya unyago, hata akafa mwaka 2013.

Karibu na mwisho wa maisha yake, Siti alizungumza na mwandishi Shaaban Robert, ambaye aliandika habari zake katika kitabu. Kwa njia hiyo maisha ya mwanamke asiyejua kusoma yakawa kitabu cha kusomwa shuleni. Alifariki tarehe 8 Julai 1950.

Mama yake alimfundisha kufinyanga udongo, na Ali Muhsin alimfundisha kuimba. Kazi zote mbili zilitaka subira ile ile. Alizaliwa akiitwa Mtumwa, akazikwa akiitwa Siti, na jina hilo la pili hakulirithi kwa mtu. Alilipata kwa kujifunza.