Kinjikitile Ngwale, mutu aliyevutwa ndani ya maji na kurudi na nguo kavu

Mwaka wa 1904, kule Ngarambe, upande wa kusini-mashariki wa inchi tunayoiita leo Tanzania, mwanaume mumoja alitambaa kwa tumbo mbele ya wake zake na watoto wake, akaingia katika bwawa la maji na kupotea. Kesho yake, saa ile ile, akatoka muzima. Mwaka moja tu ulipita, na Wajerumani wakamunyonga. Vita iliyochukua jina la maji yake ilikuwa imeshaanza. Hapa Kivu, ambako vijana wangali wananyunyiziwa maji mbele ya kwenda kupigana, historia ya Kinjikitile Ngwale si mambo ya mbali.

Siku aliyopotea

Ngarambe iko karibu na milima ya Wamatumbi, nyuma ya pwani ya Kilwa, si mbali na muto Rufiji. Katika miaka ya 1960, watafiti wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walizunguka vijiji vya kule na kuandika yale ambayo wazee walikumbuka. Habari ya siku ile inatoka kwa wazee hao.

Ilikuwa kama saa tatu ya asubui. Watu wa nyumba yake walikuwa wamekaa inje wakiota jua. Mara wakamuona Kinjikitile amelala kwa tumbo, mikono imenyooshwa mbele, anaenda kama vile mutu anavutwa na kamba. Wakamurukia, wakamushika miguu ili wamurudishe. Hawakuweza. Yeye mwenyewe alilia ya kwamba wanamuumiza, wamuache. Akafika kwenye bwawa, maji yakamufunika.

Waliojua kuogelea waliingia wakamutafuta mpaka chini, hawakuona kitu. Ndugu zake walilala pale kando ya maji usiku kucha. Walijisemea: kama amekufa, maiti itaelea; kama amechukuliwa na muzimu wa maji, atarudishwa. Kesho yake, saa tatu tena, akatoka. Hakuwa na kidonda. Nguo zake zilikuwa kavu, zimefungwa vilevile alivyozifunga jana.

Tangu pale alianza kusema mambo ambayo watu hawakuwahi kusikia kwake. Walielewa ya kwamba aliyemuchukua ni Hongo, muzimu aliye chini ya Bokero, mukubwa wa mizimu anayeheshimiwa kwenye muto Rufiji. Kinjikitile alieleza ya kwamba wafu hawakupotea, wako kwa Bokero na watarudi. Alieleza tena ya kwamba watu wote weusi ni ukoo mumoja, na ya kwamba kuna dawa itakayowaokoa na Wadachi, jina ambalo Wajerumani waliitwa wakati ule.

Habari kama hizo ni nyingi duniani

Mashariki ya Congo, mutu haitaji kuelezwa sana juu ya viumbe vinavyokaa chini ya maji. Mamba muntu, yule mwanamke mwenye mukia wa samaki anayevuta watu mutoni na kuwapa feza kwa masharti mabaya, amechorwa na wasanii wa Lubumbashi mara nyingi na kutundikwa kwenye sebule za watu.

Wazungu nao wako na zao. Usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 mwezi wa kenda 1961, katika jimbo la New Hampshire kule Marekani, bwana na bibi, Barney na Betty Hill, walikuwa wanarudi nyumbani na gari. Walisema waliona chombo chenye mwanga kikiwafuata angani. Miaka mitatu nyuma ya pale, daktari wa akili akiwa amewalaza usingizi wa kuwafanya wakumbuke, walieleza ya kwamba viumbe visivyo watu viliwaingiza ndani ya chombo kile na kuwachunguza mwili. Barney, mutu mweusi aliyekuwa anafanya kazi ya posta, alikufa mwaka wa 1969. Habari yao njo inajulikana kuliko zote za watu wanaosema walichukuliwa na viumbe vya angani.

Tofauti ni moja kubwa. Barney na Betty Hill walirudi na woga na ndoto mbaya zilizowasumbua wenyewe. Kinjikitile alirudi na ujumbe kwa watu wengi, na watu hao walikuwa wanaungojea.

Juu ya nini walimwamini

Wajerumani walikuwa wamelazimisha kodi ya nyumba tangu mwaka wa 1898. Mwaka wa 1902 wakaongeza kazi ya pamba: kila eneo la jumbe lilipaswa kuwa na shamba la pamoja, na watu walilimishwa kwa kiboko. Siku za kulima chakula cha nyumbani zilikuwa zinapotelea kwenye pamba ya serikali, na malipo yalikuwa kidogo sana, wengine waliyakataa. Juu ya jumbe kulikuwa akida, mutumishi wa Wajerumani, mara nyingi mutu wa pwani, aliyekusanya kodi na kupiga watu.

Wamatumbi walikuwa wameshajaribu kupigana, wakashindwa. Walijua vizuri ya kwamba bunduki ya askari ni kali na ya kwamba kila kabila liko peke yake. Kinjikitile alileta jibu kwa mambo yote mawili. Kwa bunduki, kulikuwa maji. Kwa utengano, kulikuwa ukoo mumoja wa watu wote.

Ngarambe ikajaa watu. Walitoka milimani, pwani na bondeni ya Rufiji, wengine wakitembea siku nyingi. Kinjikitile alijengewa nyumba kubwa ya ibada iliyoitwa Kijumba Nungu, ni kusema nyumba ya Mungu. Pale watu waliweza kuwasiliana na wafu wao, walitoa feza kidogo, na walipokea dawa: maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mutama. Yalinyunyizwa juu ya mwili au kunyweshwa. Risasi ya Mujerumani ikimufikia mwenye dawa, ingegeuka maji. Dawa ilikuwa na miiko: kuacha wanawake wakati wa vita, kutonyanganya mali ya watu.

Habari ilitembea kwa siri, kwa kunongonezana sikio kwa sikio. Wamatumbi waliuita unongonezi huo njwiywila. Wajumbe waliobeba dawa mpaka kwa makabila ya mbali waliitwa hongo, jina la ule muzimu. Wakubwa wa serikali waliona misafara, lakini walipouliza, waliambiwa ni dawa ya mashamba tu. Wakaacha.

Pamba ya Nandete

Kinjikitile alikuwa ameomba jambo moja: watu wangoje. Wapokee dawa, wajifunze kupigana, warudi kwao, na wasianze mpaka yeye mwenyewe atoe amri. Kazi yake ilikuwa kuunganisha kwanza makabila yote.

Amri haikutoka. Miezi ilipita, na Wamatumbi wakachoka kungojea. Mwishoni mwa mwezi wa saba 1905, katika kijiji cha Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela wakaenda kwenye shamba la pamba na kungoa mashina machache. Kwa macho ni kitu kidogo. Kila mutu wa pale, hata akida, alielewa ya kwamba ni vita imetangazwa. Siku chache tu, moto ukafika pwani, Samanga.

Wajerumani walimukamata Kinjikitile. Tarehe 4 mwezi wa nane 1905, walimunyonga Mohoro, yeye na mumoja wa wasaidizi wake, kwa kosa la uhaini. Wazee walieleza ya kwamba, mbele ya kufa, aliwajulisha Wajerumani ya kwamba wanajisumbua bure, dawa imeshafika Kilosa na Mahenge. Ilikuwa kweli. Ndugu yake alichukua nafasi yake, na vita ikaendelea kuenea bila yeye.

Siku ya maji kupimwa

Tarehe 30 mwezi wa nane, wapiganaji maelfu walishambulia boma la Mahenge. Walikuja mustari kwa mustari, wakiamini dawa. Wajerumani walikuwa na bunduki za kumwaga risasi mfululizo. Watu walianguka mbele ya boma, na risasi hazikugeuka maji. Waliobaki wakaelezwa ya kwamba waliokufa walivunja miiko. Vita ikaendelea. Wangoni wa Songea waliingia, na nao wakapigwa. Wakubwa wao walinyongwa mwaka wa 1906, kati yao Songea Mbano, ambaye muji unabeba jina lake mpaka leo.

Gavana aliyeongoza kazi hiyo anajulikana Goma kwa sababu ingine. Anaitwa Gustav Adolf von Götzen. Mwaka wa 1894, akiwa afisa kijana anayevuka Afrika toka pwani ya mashariki mpaka kinywa cha muto Congo, alipita kwa mwami Rwabugiri wa Rwanda, akaona ziwa Kivu, na akapanda mulima Nyiragongo mpaka kwenye shimo lake la moto. Kumbe yule aliyeandikwa kwa sifa kama muzungu wa kwanza kusimama juu ya Nyiragongo njo yule yule aliyeziba Maji Maji kwa njaa. Maaskari wake walichoma vijiji, wakachoma gala za mutama, wakazuia watu wasilime.

Vita iliisha mwaka wa 1907. Wajerumani wenyewe walihesabu Waafrika 75,000 waliokufa. Wanahistoria wa nyuma yake wanafikisha hesabu kwenye 250,000 mpaka 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa na magonjwa, si risasi. Sehemu zingine zilibaki bila watu, zikarudia pori, na baadaye zikaingia katika hifadhi ya wanyama ya Selous.

Kilichobaki cha Kinjikitile

Tanganyika ilipotafuta uhuru, Julius Nyerere aliikumbusha Umoja wa Mataifa, mwaka wa 1956, juu ya vita ya Maji Maji. Mwaka wa 1969, Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake Kinjeketile, ambayo imesomwa mashuleni katika Afrika ya Mashariki nzima. Mule, yule mutu anabebeshwa swali gumu: ufanye nini wakati watu wameungana juu ya neno ambalo wewe mwenyewe huna tena hakika nalo? Hussein alieleza ya kwamba Kinjeketile wake ni wa jukwaani, si yule wa historia. Lakini swali lile limeshikamana na jina hilo.

Kwetu, swali halikubaki jukwaani. Mwaka wa 1964, Simba waliteka Kisangani wakiimba maji ya Mulele. Katika miaka ya 1990, vijana wa Walikale, Masisi na Lubero walijiunga katika makundi yaliyoitwa Mai-Mai, na waganga wao wakatoa maji na miiko inayofanana sana na ile ya Ngarambe. Kijana akirudi, maji yamefanya kazi. Asiporudi, alivunja miiko. Kwa hesabu ya namna hiyo, maji hayawezi kushindwa hata siku moja, na mama aliyezika mutoto anabaki na haya juu ya msiba.

Yaliyotokea ndani ya lile bwawa, Kinjikitile mwenyewe njo aliyajua. Watu wa nyumba yake walieleza walichokiona, na hakuna sababu ya kuwaita waongo. Lakini yeye alileta vitu viwili siku ile, na watu walivichanganya. Kimoja kilikuwa maji, ambayo yalipimwa Mahenge kwa siku moja. Cha pili kilikuwa neno la kwamba Mumatumbi, Mungoni na Mupogoro ni watoto wa nyumba moja, na ya kwamba inafaa kungoja mpaka wote wasimame pamoja. Neno hilo lilitembea kilometa mamia kwa muda mufupi, kati ya watu wasiokuwa na lugha moja ya nyumbani wala mufalme mumoja.

Nandete hawakungoja. Walikuwa na haki ya kuchoka, kiboko ilikuwa juu yao kila siku. Lakini yule aliyewapa maji njo aliyewaomba wangoje, na katika yote aliyowaambia, hilo la kungoja njo halikuwa na uchawi ndani yake.