Mungu Asiye na Upendeleo: Tunachojifunza kwa Mwalimu Nyerere



Darasani, tunapojifunza sifa za Mungu, tunazitaja kwa haraka: ni mmoja, ni wa milele, yupo mahali pote, anajua yote. Ipo sifa moja ambayo tunaipita bila kusimama: Mungu hana upendeleo. Mtume Petro mwenyewe aliielewa akiwa mtu mzima tayari, siku alipoingia nyumbani kwa Kornelio na kuona Roho Mtakatifu akishuka juu ya watu aliofundishwa tangu utoto kutochangamana nao. Sisi wa Tarime na Serengeti tunayo sababu ya kuitafakari sifa hii, na tunaye jirani wa kutusaidia: Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Alianza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12, akaendelea Tabora, kisha Makerere. Baba yake alifariki mwaka 1942. Mwaka uliofuata, Desemba 23, Kambarage alibatizwa Nyegina na kupewa jina la Julius. Katika ubatizo mtoto wa mtemi humwagiwa maji yale yale anayomwagiwa mtoto wa mchunga mbuzi. Tunaamini kwamba kijana yule hakulisahau jambo hilo.

Mwaka 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel, binti wa Baraki, ambako wakati huo kulikuwa Tarime na leo ni Rorya. Miaka miwili baadaye aliacha ualimu Pugu kwa ajili ya siasa, akarudi nyumbani kwa muda, na huko alimfundisha padri wa Maryknoll lugha ya Kizanaki ili Injili iwafikie watu wake.

Lakini kusema kwamba watu wote ni sawa ni rahisi mpaka usawa huo ukudai kitu. Kwa Mwalimu ulidai mara nyingi.

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili nani awe raia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Watu walikuwa wamedhalilishwa kwa rangi yao miaka mingi, na wengi wangemshangilia kama angekubali. Alikataa, akaeleza kwamba hoja hiyo ikipita serikali yake itajiuzulu. Mwaka 1963 madaraka ya watemi nchini yalifutwa. Utemi wa Wazanaki ulikuwa mikononi mwa ndugu yake, Edward Wanzagi, lakini nyumba ya Burito haikuachwa kando. Januari 1964 alitangaza mwisho wa kuajiri raia serikalini kwa kuangalia rangi. Siku chache baadaye askari waliasi, na moja ya madai yao lilikuwa maafisa Waingereza waondolewe jeshini. Serikali yake ilinusurika kwa shida.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba upendeleo ni dhambi dhidi ya haki. Anatoa mfano wa mwalimu: ukimpa mtu kazi ya kufundisha kwa sababu ana elimu ya kutosha, umetazama kinachostahili, ukimpa kwa sababu ni fulani, au ni tajiri, umetazama uso. Mungu hawezi kuwa hivyo, kwa sababu hakuna kiumbe aliyempa Mungu kitu kwanza. Kila mmoja wetu anapokea uhai wake wote kama zawadi. Nani basi atadai kwamba zawadi yake inamfanya kuwa mtoto zaidi ya mwenzake?

Hatutamtendea haki Mwalimu tukimfanya malaika. Katika miaka ya 1970 watu wengi walihamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa, na wapo waliochomewa nyumba ili wasirudi. Sheria ya mwaka 1962 iliruhusu watu kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, naye aliitumia. Hapo tunajifunza upande wa pili wa sifa hii. Mungu hana upendeleo, lakini hawatazami watu kama kundi. Anamjua kila mmoja kwa jina. Anayetaka usawa wa wote anaweza kumsahau bibi mmoja na kibanda chake, Mungu hamsahau.

Na sisi je? Huku kwetu ng'ombe akiibwa, swali la kwanza mara nyingi ni mwizi ni wa ukoo gani. Ukijulikana ukoo, hata asiyehusika anaweza kulipa kwa damu. Mtunza hazina wa jumuiya anachaguliwa, tunaangalia anatoka mlima upi. Binti anafaulu kwenda sekondari, lakini mezani yanahesabiwa ng'ombe wa mahari. Ukeketaji wa wasichana chini ya miaka 18 umekatazwa kisheria tangu mwaka 1998, na bado kila msimu wapo wanaokimbia usiku kutafuta mahali salama. Kaka yake halazimiki kukimbia. Kama Mungu hana upendeleo, binti huyo ana thamani ile ile ya kaka yake, kabla ya mahari na bila mahari.

Nasi waseminari tumo. Likizo moja walitujia wazee wawili wenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Mmoja alizungumza lugha ya nyumbani kwetu. Tulimsikiliza kwa utulivu, tukampa kiti. Yule mwingine alipoanza kueleza, tuligundua kwamba tulikwisha kuamua. Tulifahamu sifa za Mungu za kujibia mtihani, lakini mzee yule alikuwa amesimama.

Mwalimu alistaafu urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima, na aliendelea kuwa mtu wa Misa. Alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa nyumbani. Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na tangu mwaka 2005 anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kanisa bado linapima, nasi tunangoja kwa utii na kwa sala.

Wakati tukingoja, tuanze na jambo dogo. Mgeni wa ukoo mwingine atakapofika mlangoni kwetu wiki hii, tumpe kiti kwanza. Maneno yatafuata.