Mfahamu Leon Theremin: Alipiga muziki bila kugusa ala, akaishia jela ya Stalin

Leo hii kuna vifaa unavyoviendesha kwa kupunga mkono tu. Mrusi Leon Theremin alifanya hivyo zaidi ya miaka 100 iliyopita, tena kwa muziki.

Alizaliwa mwaka 1896 mjini St Petersburg. Alisomea fizikia, na fidla kubwa ya selo aliipiga vizuri. Mwaka 1920, akiwa anatengeneza kifaa cha kupimia gesi, aligundua kwamba akisogeza mkono karibu nacho, mlio unabadilika. Akajaribu kutafuta nota, zikatoka.

Ndipo ikazaliwa theremini, boksi lenye antena mbili. Mkono wa kulia ukiikaribia antena iliyosimama, sauti inakuwa nyembamba. Wa kushoto ukisogelea antena ya kitanzi, sauti inafifia. Haina nyuzi wala vibonyezo, kwa hiyo ukitikisika kidogo tu, nota inaharibika.

Mwaka 1922 alimwonyesha Lenin ala hiyo, naye kiongozi huyo akaijaribu mwenyewe. Mwaka 1927 Theremin akatua Marekani, na miaka 2 baadaye kampuni ya RCA ikaanza kuziuza. Bei ilikuwa kubwa, kujifunza kuipiga ni kazi, na mdororo wa uchumi ukaingia. Biashara ikadoda.

Huko New York alimuoa Lavinia Williams, mcheza dansi Mmarekani mweusi. Mwaka 1938 Theremin akarudi Umoja wa Kisovieti bila mkewe. Hawakuonana tena.

Mwaka uliofuata alikamatwa, akapelekwa Kolyma, kisha kwenye maabara ya wafungwa. Huko akabuni kifaa cha kunasa mazungumzo kisichotumia betri. Kilifichwa ndani ya nembo ya mbao ambayo watoto wa Kisovieti walimpa balozi wa Marekani mjini Moscow mwaka 1945. Nembo ikatundikwa ukutani kwa balozi, na siri haikufichuka hadi 1952.

Theremin aliachiwa mwaka 1947, lakini aliendelea kuitumikia idara ya usalama kwa miaka mingi. Aliporudi Marekani mwaka 1991, akiwa na miaka 95, Lavinia alikuwa ameshafariki miaka 2 nyuma. Clara Rockmore, mpigaji mahiri kuliko wote wa theremini, alikuwa bado hai, wakaonana.

Theremin alifariki Moscow mwaka 1993. Ala yake bado inatengenezwa na kupigwa hadi leo.