Jack Kilby, aliyetengeneza chipu ya kwanza kwa madini yanayopatikana Kipushi

Simu inayotuma sauti na picha kutoka Pweto, kando ya Ziwa Mweru, hadi Lubumbashi ina ndani yake vipande vidogo sana vinavyoiwezesha kusikia, kusema na kuona. Vipande hivyo huitwa chipu. Cha kwanza kilitengenezwa Marekani mwaka 1958 na mhandisi Jack Kilby. Hakikuwa cha silikoni kama chipu nyingi za leo. Kilikuwa cha jerimaniumu, madini ambayo yanapatikana hapa kwetu Haut-Katanga, katika mgodi wa Kipushi.

Kilby alizaliwa tarehe 8 Novemba 1923 katika mji wa Jefferson City, jimbo la Missouri, akakulia Great Bend, jimbo la Kansas. Baba yake aliongoza kampuni ndogo ya umeme. Wakati mmoja dhoruba ya barafu ilikata nyaya za umeme na za simu, na baba akawafikia wateja wake kwa msaada wa watu waliokuwa na mitambo ya redio nyumbani. Kijana aliona sauti ikifika mahali ambapo waya umekatika, akaipenda kazi hiyo.

Njia yake haikuwa nyepesi. Alifanya mtihani wa kuingia MIT, chuo maarufu cha ufundi, akakosa kwa alama chache tu. Akaenda Chuo Kikuu cha Illinois. Vita Kuu ya Pili ilimtoa masomoni, akatumwa India kama mwanajeshi wa kutengeneza redio. Alimaliza masomo mwaka 1947, akaajiriwa na kampuni ya Centralab mjini Milwaukee, iliyotengeneza vipuri vya redio, televisheni na vifaa vya kusaidia wasiosikia vizuri.

Wakati huo wahandisi wote walikuwa na shida moja. Transista ilikuwa imeshavumbuliwa, lakini mtambo mkubwa ulihitaji maelfu ya vipuri, na kila kimoja kiliunganishwa kwa mkono. Kiungo kimoja kikiharibika, mtambo mzima unazimika.

Mei 1958 Kilby alihamia kampuni ya Texas Instruments mjini Dallas. Mwezi wa Julai wafanyakazi wengi walikwenda likizo. Yeye, kwa kuwa alikuwa mgeni, hakuwa na haki ya likizo, akabaki karibu peke yake katika maabara. Hapo alipata wazo: kama vipuri vyote vinaweza kutengenezwa kwa madini ya aina moja, kwa nini visitengenezwe pamoja katika kipande kimoja? Tarehe 24 Julai aliliandika katika daftari lake. Tarehe 12 Septemba aliwaonyesha wakubwa wake kipande cha jerimaniumu chenye urefu wa milimita 11 hivi, kimebandikwa kwenye kioo, nyaya zikichomoza. Aliwasha umeme, na mawimbi yakaonekana kwenye skrini. Wazo lilikuwa limefaulu.

Miaka hiyo jerimaniumu ilitumika sana kutengenezea transista, na Kipushi, karibu na Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilikuwa kati ya vyanzo vyake vikuu duniani. Kampuni ya Union Minière ilichimba shaba na zinki, na jerimaniumu ilitoka ndani ya mawe hayohayo. Ilisafishwa Ubelgiji. Mchimbaji wa Kipushi alitoa jiwe, lakini faida kubwa ilipatikana mbali naye.

Miezi michache baada ya Kilby, Robert Noyce wa kampuni ya Fairchild alibuni chipu ya silikoni ambayo ilikuwa rahisi zaidi kutengenezwa kwa wingi. Kampuni hizo mbili zilishitakiana kwa miaka, kisha zikakubaliana. Leo wote wawili wanahesabiwa kuwa wavumbuzi.

Wanunuzi wa kwanza walikuwa jeshi na watu wa safari za anga. Raia wa kawaida walifikiwa mwaka 1964, kupitia kifaa cha kusaidia kusikia. Mwaka 1967 Kilby na wenzake wawili walikamilisha mashine ya hesabu ya kushika mkononi. Mwaka 1978 Texas Instruments ilitoa mchezo wa watoto wa kujifunza kuandika maneno, wenye chipu inayotengeneza sauti ya mtu. Baadaye chipu za kupokea mwanga zilichukua nafasi ya filamu katika kamera.

Tarehe 10 Desemba 2000, Kilby alipokea Tuzo ya Nobel ya Fizikia mjini Stockholm. Noyce alikuwa amefariki mwaka 1990. Watu wa Pweto wanaukumbuka mwezi huo kwa jambo jingine: siku chache kabla, mji ulitekwa na jeshi la Rwanda pamoja na waasi wa RCD, na maelfu wakakimbilia Zambia. Wengi walitafuta ndugu zao kwa barua, kwa fonia na kwa kuulizana njiani. Leo picha moja na ujumbe wa sauti katika simu vinaweza kufanya kazi hiyo kwa dakika chache.

Kilby alifariki Dallas tarehe 20 Juni 2005, akiwa na miaka 81.

Nchini Kongo, habari ya jerimaniumu imerudi. Mwaka 2024, STL, kampuni tanzu ya Gécamines, ilianza kupeleka Ubelgiji jerimaniumu inayotolewa katika terril ya Lubumbashi, kile kilima cheusi kinachoonekana toka mbali. Madini yapo, kama yalivyokuwapo mwaka 1958. Kilichomtofautisha Kilby ni shule, maabara, na mwajiri aliyemwachia nafasi ya kujaribu. Mpaka vijana wa Pweto, Kipushi na Lubumbashi wapate hayo matatu, Katanga itaendelea kuuza jiwe na kununua simu.