VITABU VIWILI TU

Kijana, unadhani wewe umeshaharibika, huna faida tena? Hebu sikia habari za John Bunyan.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1628, mtoto wa fundi wa kuziba masufuria. Shule alisoma kidogo tu. Matusi ndiyo yalikuwa lugha yake. Alipooa, yeye na mkewe hawakuwa na hata sahani wala kijiko. Mke alikuja na vitabu viwili tu vya dini alivyoachiwa na baba yake. Wakawa wanavisoma pamoja, na moyo wa Bunyan ukaanza kuguswa. Alihangaika na dhambi zake miaka kadhaa, mwisho akapata amani kwa Yesu. Akaanza kuhubiri.

Mwaka 1660 akakamatwa kwa kuhubiri bila kibali. Akubali kunyamaza tu, aachiwe! Na nyumbani alikuwa na watoto wanne, mkubwa wao kipofu. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Bunyan alikataa. Akakaa gerezani Bedford miaka 12, akitengeneza kamba za viatu ili wanawe wapate kula.

Mwaka 1678 kikatoka kitabu chake cha msafiri mwenye mzigo mgongoni, mzigo uliomwanguka alipofika msalabani. Kimetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 200, hata Kiswahili.

Rafiki, mzigo wako unaujua mwenyewe. Bunyan alianza kwa kusoma tu. Wewe leo umeshika karatasi hii. Usiitupe. Njoo msalabani, utue mzigo.