Nikolaus Otto: Muuza chai aliyeipa bodaboda mwendo wake, kisha akapokonywa hati

Ukipiga kiki pikipiki asubuhi, kabla hata hujakaa vizuri kwenye kiti, pistoni ndani ya injini imeshapanda na kushuka mara kibao. Mpangilio wa kupanda na kushuka huko unabeba jina la Nikolaus August Otto, Mjerumani ambaye hakusomea uhandisi na hakuunda pikipiki hata moja.

Otto alizaliwa Juni 1832 katika kijiji cha Holzhausen. Baba yake alifariki mwaka huohuo. Alipokuwa kijana alizunguka miji akiuza kahawa, chai na sukari.

Mwaka 1860 zikazagaa habari za injini ya gesi ya Étienne Lenoir kutoka Paris. Ilifanya kazi, lakini ilikula gesi balaa kwa sababu iliiwasha bila kuibana kwanza. Otto akajiuliza: je, ikibanwa kabla ya kuwashwa? Mwaka 1861 akatengenezewa injini ya majaribio. Ikagonga kwa nguvu mpaka ikaharibika. Wazo likawekwa pembeni.

Mwaka 1864 alipata mshirika mwenye mtaji, Eugen Langen, wakafungua kiwanda cha injini mjini Cologne. Injini yao ya kwanza sokoni ilikuwa ya aina nyingine, yenye kelele kwelikweli. Lakini kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1867, gesi ilipopimwa, ikaonekana inatumia chini ya nusu ya ile ya Lenoir. Wakaondoka na medali ya dhahabu.

Mwaka 1876 Otto akalirudia wazo lake la zamani. Safari hii likakubali.

Inavyofanya kazi ni hivi. Pistoni inashuka na kuvuta mchanganyiko wa hewa na mafuta (kwa Otto ilikuwa gesi, kwa bodaboda ni petroli). Inapanda na kuubana. Mchanganyiko unawashwa, unatanuka na kuisukuma pistoni chini. Hapo ndipo nguvu inapopatikana. Kisha pistoni inapanda tena na kusukuma moshi nje. Yaani kati ya hatua nne, ni moja tu inayozalisha nguvu. Tatu zilizobaki zinabebwa na gurudumu zito linaloendelea kuzunguka. Na ile hatua ya kubana, ambayo haitoi nguvu yoyote, ndiyo inayofanya tone dogo la mafuta lisukume mzigo mkubwa.

Hati ya ubunifu aliipata mwaka 1877, na Ujerumani nzima ikabanwa. Hata Karl Benz, alipotaka kuunda injini yake, ilibidi aende na ya hatua mbili ili kuikwepa hati hiyo.

Kiwandani kwa Otto walikuwepo pia Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach. Injini za kiwanda zilikuwa kubwa na nzito, za kufungwa sehemu moja. Daimler alitaka ndogo na ya kasi. Wakashindwana, na mwaka 1882 akaondoka. Maybach akamfuata.

Miaka mitatu baadaye, wawili hao wakafunga injini ndogo ya hatua nne kwenye fremu ya mbao. Ilikuwa na nusu tu ya nguvu ya farasi. Novemba 1885 ikaendeshwa kutoka Cannstatt hadi Untertürkheim, na inasimuliwa kwamba kiti kilishika moto njiani kwa sababu ya joto la injini iliyokuwa chini yake. Ndiyo pikipiki ya kwanza ya petroli.

Pigo kubwa lilikuja Januari 1886. Washindani walifukua andiko la Mfaransa Alphonse Beau de Rochas la mwaka 1862, lililoeleza hatua hizohizo nne. Mfaransa huyo hakuwahi kuunda injini yenyewe, lakini maandishi yake yalitosha. Hati ya Otto ikafutwa Ujerumani, na kila fundi akawa huru kutengeneza. Kwa mtu aliyehangaika tangu 1861, ilikuwa hukumu chungu.

Otto alifariki Cologne Januari 1891, akiwa na miaka 58.

Mwanawe Gustav alikuja kufungua kiwanda cha ndege mjini Munich. Mwaka 1916 kampuni mpya ilianzishwa juu ya kiwanda hicho, na baadaye ikaingia ndani ya BMW. Pikipiki ya kwanza ya BMW, R32, ilitoka mwaka 1923 ikiwa na injini ya hatua nne.